Gongo la Nyumba ya Mlango wa Bluu

Po. Mlio mmoja, usiku, kama bati lililopigwa konzi na jitu. Kisha mbwa wote wa mtaa wa Njoro, Moshi, wakakumbuka kazi yao. Kulipokucha, kijiwe kilijaa mapema kuliko kawaida. Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja wa mgrevilea uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona ya barabara ya vumbi, na mbele yake muuza kahawa, Zaidi, na dele lake, makaa mekundu chini, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji. Mlima ulikuwa umefunua kichwa, mweupe, msafi, lakini hakuna aliyeutazama. Macho yote yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya mlango wa bluu. Mlio ulitokea huko, na tangu alfajiri harufu nayo ilikuwa ikitokea huko: harufu ya kitu kilichochacha, tamu kidogo, chungu kidogo, ikiingia puani taratibu kama mgeni mwenye adabu.

Mzee Melkior alikuwa wa kwanza kuisikia harufu ile, na ndiye aliyenyamaza zaidi ya wote.

Alikaa mahali pake pa siku zote, ncha ya ubao, mzula wa sufu umefunika masikio ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Kwa sababu ya mzula huo walimwita Mzee Mzula. Walijua ameshuka kutoka Masama baada ya kufiwa na mkewe, kwamba anaishi kwa mwanawe wa kiume upande wa relini, na kwamba kila asubuhi anavuka mitaa yenye vijiwe vingine vizuri tu, vyenye kivuli, ili aje kukaa hapa juani. Walidhani anapenda kahawa ya Zaidi. Hakuna aliyejua kwamba mwanamke wa nyumba ya mlango wa bluu, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nasrin, ni binti yake.

Yalikuwa mambo ya zamani na yalikuwa mambo ya kawaida. Binti alimpenda Hussein, dereva wa lori. Akabadili dini, akaolewa mjini. Baba yake alisimama uani Masama, mbele ya ndugu na migomba, akasema kuanzia siku hiyo jina la mtoto yule halitapita tena mdomoni mwake. Akalishika neno lake. Kwa mkewe, alipokuwa hai, alimwita "yule wa mjini." Mkewe alipofariki, hakuwa na wa kumwambia hata hilo. Desturi ya mtaa nayo ilimsaidia, maana mwanamke akishazaa jina lake hukunjwa na kuwekwa kabatini, akabaki Mama Fulani. Mama Nasrin akipita na ndoo yake, huwatupia wanaume wa kijiwe salamu moja kwa wote, na Mzee Melkior huitika marahaba kwa niaba ya ubao mzima. Hayo ndiyo maneno waliyokuwa wakipeana, baba na binti: shikamoo isiyo na mwenyewe, na marahaba ya jumla.

Fredy, fundi redio ambaye kwa haki kabisa aliitwa Redio, ndiye aliyefungua kikao.

— Transfoma ile. Mimi ni mtu wa umeme, naijua sauti ya transfoma.

— Umeme ulikatika tangu jioni, alisema Zaidi akimimina.

— Ndiyo maana ililia. Imekaa bila kazi, ikapata baridi.

Ronald alicheka kwa pua. Huyu walimwita Waziri, kifupi cha Waziri Asiye na Wizara Maalumu, kwa sababu hakuwa na kazi moja inayojulikana lakini kila jambo la nchi lilipita kwake. Yeye alisema uchaguzi ni mwakani, watu wameshaanza kujaribisha mabomu ya machozi, na kwamba kama wanakijiwe wangekuwa makini wangegundua kuwa tangu usiku wanalia.

— Mimi silii, alisema Zaidi.

— Wewe umezoea moshi wa mkaa.

Ikawa hivyo kwa muda, kila kikombe na bomu lake. Kisha Redio akasema jambo lililowafanya wote wasogee. Alisema aliitwa kutengeneza runinga kwenye duka la mtandao kule mjini, Jumamosi, na macho yake yaliona Mama Nasrin na mtoto wake wamekaa mbele ya kompyuta. Na ndani ya kioo alikuwamo mwanamke, mweusi kama sisi, anaongea Kiswahili, ameshika chupa.

Hapo hakukuwa na siri. Mtaa wote ulijua kwamba Nasrin alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika paja, mfupa ukaunga upande, wakauvunja tena hospitali ili uunge sawa. Shule ilikuwa mbali, njia ya mawe, na mtoto amefungwa plasta mguu mzima. Mama yake akamfundisha nyumbani: kusoma na hesabu juu ya meza ya kulia. Sayansi ndiyo ilimshinda mama, mpaka aliposikia habari za Mwalimu Tabitha, Mtanzania aliyeishi nchi ya baridi na kila Jumamosi akifundisha kwa mtandao watoto wanaosomea nyumbani: mmoja yuko Songea, wawili Mwanza, wengine huko huko Ulaya wanaokaribia kusahau Kiswahili. Baiskeli ya jirani ikawa ndiyo basi la shule. Mwalimu yule alikuwa na sharti moja, kwamba kila somo lifanywe kwa mikono, na vitu vitoke nyumbani kwa mtoto mwenyewe.

— Kwa mikono, kupitia kioo, alisema Waziri. Mkono unapita wapi?

— Haupiti. Kioo kinasema chukua chupa, mtoto anachukua chupa. Kioo kinasema tia sukari, anatia.

— Na kioo kikisema ruka?

— Ndiyo kilichomvunja mguu.

— Mguu ulivunjika kabla ya kioo, alisema Zaidi.

— Zaidi, mimina kahawa.

Waziri akafafanua kitaalamu. Mtandao ni waya, na waya wowote una tundu katikati. Huko kwenye baridi wanapuliza hewa ndani ya tundu. Hewa inatembea, inavuka bahari, inapita jangwani inapata joto, ikifika Moshi imekuwa ya moto kama pasi. Sasa ukiweka chupa karibu na kompyuta, chupa inajaa. Ukirudi nayo nyumbani, usiku inapasuka. Redio, ambaye maishani mwake amefungua nyaya nyingi, alitaka kupinga suala la tundu, lakini akaona nadharia ni nzuri kuliko yake, akaamua kuiongeza: na ndiyo hewa hiyo inayoyeyusha barafu ya mlima. Wakageuka wote kuutazama mlima kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Ulikuwa pale pale, kama mtu asiyehusika.

Mzee Melkior alikunywa kahawa yake. Aliwapenda hawa watu, kwa namna yake. Aliwapenda kwa sababu walizungumza, na mazungumzo yao yalimpa ruhusa ya kutazama ng'ambo bila kuulizwa anatazama nini.

Ndipo Waziri alipoinamisha kichwa na kushusha sauti.

— Lakini hiyo harufu si hewa ya Ulaya. Jamani, tusidanganyane. Mimi juzi nilikuwa kwa fundi Wenseslaus, seremala. Nimekaa nyuma ya rundo la mbao, hanioni mtu. Akaja Mama Nasrin. Akasema, nimesikia kwa masikio haya: fundi, gongo yangu naitaka kesho, na iwe ya nguvu, maana ile ya kwanza ilimwangusha mtoto.

Vikombe vyote vikashuka. Hata makaa yalipunguza kelele.

— Gongo, alisema Redio.

— Gongo. Na mtoto keshaangushwa.

— Alisema gongo yangu, au gongo langu? aliuliza Zaidi. Mama yake Zaidi alikuwa mtu wa Pangani, na mambo kama hayo yalimkera.

— Langu, yangu, wewe unataka kutufundisha Kiswahili saa hizi? Gongo ni gongo.

— Seremala atauzaje gongo?

— Useremala kisingizio, mangi. Hujaona watu wanatoka pale wanayumba?

— Wanayumba kwa sababu wamebeba makabati.

Lakini Zaidi alikuwa peke yake. Kila kitu kilikuwa kimejipanga: chupa, mwanamke wa kwenye kioo, harufu, mlio wa usiku. Sayansi ya watoto ilikuwa pazia. Nyuma ya pazia kuna mtambo wa pombe haramu, na mtoto ndiye anayeonjeshwa. Redio alisimama kabisa. Alisema Hussein anarudi leo kutoka Tarakea, na lazima atasimamisha lori hapa kunywa kahawa kama anavyofanya siku zote. Mwanamume yuko barabarani anahangaika, anaswali, anafunga, na nyumbani kwake kunapikwa gongo. Asipoambiwa na marafiki ataambiwa na polisi.

— Nitamwambia mimi. Kwa upole, lakini nitamwambia.

— Atampa talaka, alisema Waziri, na sauti yake haikuwa ya furaha wala ya huzuni, bali ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

Mzee Melkior aliweka kikombe chini. Kwa miaka alikuwa akiingoja siku hii. Kule Masama, akipalilia, aliwahi kuitengeneza yote kichwani: binti anapanda njia ya mgombani na sanduku lake, amerudishwa, naye amesimama mlangoni, hasemi kitu, kwa kuwa hakuna haja ya kusema. Sasa siku yenyewe ilikuwa njiani, inakuja kwa lori, na aliitazama nyumba ile, mlango uliopakwa rangi mwaka hadi mwaka, kanga zilizoanikwa, akagundua kwamba siku hiyo haitaki. Haitaki hata kidogo.

— Hiyo si gongo, alisema.

Walimgeukia. Mzee Mzula hakuwa msemaji.

— Ni mbege. Tena haijaiva.

— Meku, umejuaje? aliuliza Waziri, akimwita mzee kwa Kichaga.

— Ina msesewe mwingi.

Akawaeleza, maana Zaidi hakujua, na hawa wengine waliizoea mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ya vilabuni tu. Msesewe ni gome linalotia uchungu. Wapikaji wengi hutia kipande kama kidole, mnywaji asikunje uso. Lakini yako majiko machache, huko juu, wanakotia gome pana kama kiganja, na uchungu wake unanusika kabla hata ya pombe kuiva. Hakuwaambia kwamba kwa hesabu yake majiko hayo yalikuwa jiko moja, na kwamba watu walikuwa wakimlalamikia marehemu mkewe, Magdalena, kwa uchungu ule, huku wanasogeza kibuyu wajaziwe tena.

— Kwa hiyo ni mbege, alisema Redio polepole.

— Ni mbege.

— Una hakika, mzee wangu?

— Kabisa.

— Ndani ya nyumba ya Kiislamu.

Mzee Melkior aliushusha mzula hadi kwenye nyusi.

— Mimi nilikuwa nakisia tu, Redio akaendelea. Sasa nina shahidi. Nitamwambia Hussein, mimi pua yangu ni ya waya na risasi ya kulehemu, lakini muulize Mzee Mzula, mtu wa Masama, mtu mzima, hana ugomvi na mtu. Wewe unamfahamu huyu mama?

— Namwona tu, alisema Mzee Melkior. Kama nyinyi mnavyomwona.

Maneno yalitoka yenyewe, yamelainishwa na mazoea. Na hapo alipojaribu kumnasua binti yake mtegoni, akawa ndiye aliyeukaza. Zaidi alimtazama kidogo, akamjazia kikombe bila kuombwa. Mbali, upande wa barabara kubwa, lori lilipiga honi ndefu moja na fupi mbili. Kila mtu pale aliijua honi hiyo. Redio alijifuta mdomo na kujiweka sawa kola.

Mlango wa bluu ukafunguka.

Kwanza walisikia ko, kisha kimya kidogo, kisha ko. Nasrin alikuwa anavuka barabara. Plasta haikuwapo, mguu ulikuwa mwembamba, mweupe kwa vumbi la plasta, na kwapani aliegemea kipande cha mbao mpya, kimepigwa randa vizuri, kimefungwa kitambaa juu. Harufu ya vanishi ilifika kijiweni kabla yake. Nyuma, mlangoni, mama yake alisimama nusu ndani nusu nje, anakunja kanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, walisema wote.

— Nasrin, alisema Zaidi, na alisema bila kumwondolea Waziri macho, hicho ulichokishika kinaitwaje?

— Gongo langu. Katengeneza fundi Wenseslaus. Lile la kwanza lilikuwa fupi, likaniangusha.

— Langu, alisema Zaidi. Nilikuuliza mapema kabisa, Waziri. Langu au yangu.

Waziri alikitazama kikombe chake kama mtu aliyepata wizara, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Redio hakukubali kuzimwa haraka. Alimuuliza mtoto, kwa sauti ya polisi aliyestaafu, kuhusu mlio wa usiku. Nasrin akaeleza kama anayesoma darasani. Somo lilikuwa la vitu vinavyochacha. Aliweka chupa mbili, moja ina hamira na sukari, nyingine ina ndizi mbivu, kimea cha ulezi na gome la msesewe. Kila chupa ikavishwa puto mdomoni, ili wakiona puto linavimba wajue mle ndani kuna vitu hai vinapumua. Puto la ulezi likapasuka. Na kwa kuwa baba alikuwa anarudi, na mama hakutaka akute nyumba inanuka, akaiziba chupa kwa gunzi, akalikandamiza kwa nguvu.

— Mbege haizibwi, alisema Mzee Melkior kabla hajajizuia. Huachiwa pa kupumulia.

— Mama anajua. Kasema alijua, ila alikuwa anafikiria harufu. Gunzi likapiga bati, po. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

— Na baba yako? aliuliza Redio. Anajua kuna mambo haya?

— Ulezi kaninunulia yeye, Tarakea. Kasema hiyo ni sayansi, ila tusimpe aonje.

Redio alikaa. Kola yake ilibaki imesimama peke yake, haina shughuli. Honi ya lori ilisikika tena, karibu zaidi, na hakuna aliyekuwa na taarifa ya kumpa mwenye lori. Pengine kijiwe kingefungwa hapo, kwa kicheko na vikombe vya mwisho. Ila mtoto hakuondoka. Alihamisha uzito juu ya gongo lake, akazungusha macho kwenye ubao, akayatuliza kwenye ncha.

— Mama kanituma kwa babu mwenye mzula.

— Ndiye huyu, alisema Zaidi taratibu.

— Mwalimu Tabitha anasema chachu haizuki yenyewe. Kila chachu imetoka kwenye chachu nyingine. Jumamosi kila mtoto aseme yake imetokea wapi, kutoka kwa nani hadi kwa nani, mpaka anapojua. Mimi nimefundishwa na mama. Mama kafundishwa na bibi. Nikamuuliza, bibi alifundishwa na nani? Kasema yeye hawezi kusema. Kasema babu wa pale anajua.

Kijiwe kilichokuwa na jibu la transfoma, la uchaguzi, la hewa ya Ulaya na la barafu ya mlima kilianza kuchunguza makaa ya Zaidi. Waziri alijaribu, alisema bibi zamani walifundishana, mambo ya kijamaa. Nasrin alimngoja amalize, kisha akarudisha macho kwa mzee.

— Atajuaje huyu, mtoto? alisema Redio. Yeye si wa kwenu.

Mzee Melkior alikuwa anajua. Magdalena aliletwa Masama akiwa bibi harusi asiyejua hata kuchagua ndizi. Mbege alifundishwa jikoni kwa mama mkwe, ambaye ndiye aliyechuna msesewe kwa upana wa kiganja, akisema utamu ni wa watoto. Na mtoto wao wa kwanza wa kike, huyu wa ng'ambo, alipozaliwa hawakukaa kikao cha jina. Kwao jina la msichana wa kwanza halitafutwi. Lipo tayari, linangoja: ni la mama mzaa baba.

Kwa hiyo yalikuwa majina mawili, na yalikuwa jina moja. Siku ile uani, alipolifungia la binti nje, alilifungia na la mama yake. Hakuwahi kulihesabu hivyo. Lakini kila Novemba, padri anapokusanya majina ya marehemu wa kuombewa, yeye humtaja Magdalena, humtaja baba yake, kisha humwambia katekista: na mama yangu. Andika tu, mama yangu.

— Bibi yako, alisema, na sauti ilikuwa na kutu. Magdalena. Alifundishwa na mama yangu mimi.

Kikombe cha Redio kiliishia katikati ya njia. Alimtazama mzee, akamtazama mtoto, pua kwa pua, akataka kusema kitu. Zaidi akamwambia anywe, inapoa.

Nasrin hakuona ajabu yoyote. Kwake lilikuwa somo, na somo lilikuwa limebakiza kitu kimoja.

— Anaitwa nani?

Mzee Melkior akalitaja. Sauti haikuvuka ukingo wa kikombe.

— Sijasikia, babu. Jumamosi natakiwa kulisema kwa sauti.

Ng'ambo, mama yake alikuwa ameacha kukunja. Lori lilikuwa limekata kona, limesimama, injini imezimwa, na vumbi lilikuwa linashuka polepole kati ya ubao na mlango. Mzee Melkior alivua mzula, kama avuavyo kanisani. Alisimama. Hakumtazama mtoto. Alitazama juu ya kichwa cha mtoto, juu ya vumbi, akavuta pumzi ndefu yenye msesewe ndani yake, na akaita kama zamani alivyokuwa akiita kutoka mgombani, jioni, chakula kikiwa tayari:

— Dominika.